Cheki Yenye Sahihi Tatu

"Sasa sisi wawili tutakuwa na kazi gani?"

Mwalimu aliuliza hivyo Jumapili moja baada ya alasiri, tumeketi barazani kwa mwenyekiti huku Kisauni, Mombasa, thermosi ya chai ya tangawizi inazunguka. Hoja ilikuwa fupi: chama chetu cha kufa na kuzikana kirudishe kitabu cha cheki benki, malipo yote yafanywe kwa simu. Mweka hazina alikuwa amejitayarisha. Alieleza foleni, nauli ya matatu, na karani anayekurudisha nyumbani kwa sababu sahihi ya mwenyekiti haifanani na ile iliyo kwenye kadi ya benki, nayo kadi hiyo aliijaza kabla mkono haujaanza kumtetemeka. Mikono ikainuka kila upande.

Mwalimu hakuinua wake. Yeye, mwenyekiti na mweka hazina ndio watia sahihi watatu tangu chama kianze. Akauliza swali lake kwa utaratibu, kama anayeuliza darasa.

"Mutapumzika, Mwalimu," akajibu mmoja, watu wakacheka, tukaingia kwenye habari za mahema yaliyotoboka.

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Kila nikilipa kitu kwa simu, na siku hizi mtu hulipa kwa simu hata mahamri, namsikia Mwalimu.

## Maiti hasubiri Jumatatu

Nianze na jambo ambalo hata yeye halipingi. Kwa kazi yetu sisi, cheki ni chombo kibovu.

Kwetu mtu akifa alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri ya siku ile ile. Sanda inatakiwa sasa hivi. Ubani, kafuri, mbao za kiunza, gari, wachimba kaburi, vyote sasa hivi. Cheki zetu zimepigwa ile mistari miwili kwenye kona, yaani hazilipwi taslimu dirishani, sharti ziingizwe kwenye akaunti ya aliyeandikiwa. Mchimba kaburi hana akaunti. Na hata angekuwa nayo, akipewa cheki Ijumaa jioni hataona shilingi kabla ya wiki kuanza.

Basi miaka yote hii tulikuwa tukizikaje?

Tulikuwa tukikopa kwa watu wetu wenyewe. Kila msiba ulikuwa na mtu aliyetoa mfukoni mwake. Mara nyingi ni mweka hazina, wakati mwingine ni mwenye duka la mbao ambaye ni mwanachama, na tangu M-Pesa ianze Machi 2007 aliyetoa alikuwa akitoa kwa simu. Matanga yakiisha, ndipo tunakaa, tunahesabu risiti, tunamwandikia cheki ya kumrudishia. Sahihi tatu zilikuwa zikiidhinisha jambo ambalo tayari liko chini ya mchanga.

Nilipolifikiria hili vizuri nilikaribia kulifunga suala. Kama cheki huja baada ya mazishi, inalinda nini? Mweka hazina yuko sawa, Mwalimu ana mazoea yake, kwisha.

Halikuisha.

## Karatasi iliyokwisha kufa zamani

Kabla ya kurudi kwa Mwalimu nilitaka kujua hasa tunabishania nini, kwa sababu cheki yenyewe si ile tuliyokuwa tukiijua.

Hapa Kenya, Benki Kuu iliibana tangu Oktoba 2009: cheki isizidi shilingi milioni moja, na kinachozidi hapo kipitie ule mfumo wa kielektroniki wa malipo makubwa ulioanza 2005. Mwaka 2011 ukaja mpango wa picha. Zamani karatasi yenyewe ilikuwa ikibebwa, kutoka benki uliyoiweka hadi chumba cha kubadilishana cheki, hadi benki ya aliyeiandika. Siku hizi karatasi inabaki pale ulipoiacha. Inapigwa picha, picha inasafiri, na pesa zinaingia baada ya siku moja au mbili za kazi, mapema kuliko zamani.

Wamarekani walifika huko kwa njia ya maafa. Kule cheki zilikuwa zikisafirishwa usiku kwa ndege kutoka jimbo hadi jimbo. Septemba 2001, baada ya yale mashambulizi, ndege zote zikazuiwa kuruka, na cheki zikalala viwanjani mafurushi kwa mafurushi. Sheria ya kuruhusu picha badala ya karatasi ilipitishwa 2003 na kuanza kazi Oktoba 2004. Na bado wanaandika! Binamu yangu aliye Ohio analipa kodi ya nyumba kwa cheki kila mwezi, anaiweka kwenye bahasha na kubandika stempu, katika nchi iliyobuni simu ya mkononi. Ilibidi ifike 2025 ndipo rais wao akaamuru serikali kuu iache kutoa cheki za karatasi ifikapo mwisho wa Septemba mwaka huo.

Kwa hivyo yule anayesema "mimi naamini karatasi" anaamini kitu kinachoishi mwendo mfupi sana: kutoka meza ya mwandishi hadi kwa karani wa kwanza. Baada ya hapo cheki ni umeme kama M-Pesa.

Ukiondoa safari ya karatasi, kwenye cheki vimebaki vitu viwili. Tarehe, na mkono wa mtu.

## Tarehe

Hii ya tarehe nitaipitia haraka, ingawa inanivutia.

Cheki inaweza kuandikwa leo kwa siku isiyofika. Wengi wa huku Pwani wanalijua hili kutokana na ndugu walio Ghuba. Dubai, jiji lenye kila aina ya malipo ya simu, mwenye nyumba bado anaweza kukudai cheki za mwaka mzima kabla hajakupa ufunguo, kila moja na tarehe yake. Zamani moja ikirudi ulikuwa ukijiweka karibu na jela; sheria ililegezwa mwanzo wa 2022, na sasa kukosa pesa kwenye akaunti kwa kawaida si jinai, lakini cheki iliyorudi ina nguvu ya kupelekwa moja kwa moja kwa mahakama ya utekelezaji. Mwenye nyumba haipendi karatasi kwa sababu ya karatasi. Anapenda kushika ahadi yako mkononi.

Kwetu Kenya, kuandika cheki huku unajua akaunti haina kitu ni kosa chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Faini hadi elfu hamsini, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Cheki ya tarehe ya mbele haimo, kwa sababu aliyeipokea alijua kwamba pesa bado.

Sasa tazama simu ilivyolishughulikia jambo hilo hilo. Mwanzo wa 2019 ikaja Fuliza. Unalipa, salio halitoshi, unakopeshwa papo hapo na kutozwa. Kwenye cheki kukosa pesa kulikuwa aibu na kesi. Kwenye simu kukosa pesa kumekuwa biashara, na ya mtu mwingine. Nani kapata nafuu hapo, sijui niseme nini. Aliyekuwa dukani amepata unga wake na hakuna aliyemjua. Kesho mshahara ukiingia, deni linajikata lenyewe kabla hajasema bismillahi.

Chama chetu hakiandiki cheki za tarehe ya mbele, maana kifo hakina kalenda. Kwa hivyo nikarudi kwenye mkono wa mtu.

## Kitabu

Nilimwomba mweka hazina anionyeshe kitabu cha cheki. Alinikabidhi bila wasiwasi. Ni mwanamke ambaye angekuonyesha hata pochi yake. Vile vipande vinavyobaki baada ya cheki kuchanwa vimejazwa kwa kalamu ya bluu: tarehe, jina, kiasi, marehemu ni nani. Kukisoma ni kusoma mtaa. Huyu alikuwa jirani yetu. Huyu nilisoma naye madrasa. Huyu ni yule kijana wa bodaboda.

Kisha nikafungua karatasi ambazo bado hazijatumika.

Mbili za mwanzo zilikuwa na sahihi tayari. Ya mwenyekiti, na ya Mwalimu. Jina la mpokeaji tupu. Kiasi tupu.

"Hizi?" nikauliza.

"Mwalimu alikuwa akienda Lamu kwa dada yake," akasema, kama jambo la kawaida kabisa. "Hujui atarudi lini. Msiba ukitokea nimfuate Lamu?"

Nikakaa kimya na kile kitabu pajani. Mlango wa kufuli tatu, na funguo zote ziko kwa mtu mmoja. Wiki nzima nilikuwa nikimtetea Mwalimu moyoni, nikijiambia kwamba sahihi tatu ni ulinzi wa wanyonge, kwamba simu inataka kumfanya mweka hazina awe mfalme. Kumbe alikuwa mfalme zamani, na waliomvika taji ni hao hao watia sahihi.

Nimewauliza watu wa vyama vingine tangu siku hiyo, vya akina mama, vya wavuvi, kamati ya msikiti mmoja, kanisa moja la upande wa Mtwapa. Kila nilipouliza juu ya cheki zilizotiwa sahihi tupu nilipata tabasamu lile lile. Kila mtu anajua. Hakuna anayeliandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

## Alichoniambia

Nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa na hasira kidogo. Nilidhani nimemshika.

Hakukataa hata chembe.

"Ni kweli natia sahihi karatasi tupu," akasema. "Tena zaidi ya hizo ulizoziona. Lakini mwulize mweka hazina, je, nishawahi kutia ya pili kabla sijajua ile ya kwanza ilikwenda wapi?"

Nikamwambia sielewi.

Akanieleza, polepole, na mikono yake ya chaki. Kila cheki ina nambari. Kitabu kikiletwa kwake, hafungui ukurasa mpya kwanza. Anarudi nyuma. Hii ilikuwa ya nani? Mbona gari limepanda bei? Yule mtoto wa marehemu amepata shule? Mweka hazina anajibu, wanakunywa kahawa, wanasikitika, ndipo anashika kalamu. Inaweza kuchukua saa nzima. Benki inaiona sahihi. Yeye anakumbuka mazungumzo.

"Simu itamleta nani kwangu?" akauliza. "Hakuna atakayekuja."

Hapo ndipo swali lake la barazani lilipobadilika masikioni mwangu. Nilikuwa nimelisikia kama la mzee anayeogopa kuachishwa cheo. Alikuwa akiuliza nani atauliza.

Nitasema pia nisichokubaliana naye, kwa sababu Mwalimu husoma blogu hii kwa msaada wa mjukuu wake na hataki kubembelezwa. Mfumo unaotegemea mzee mmoja mwenye udadisi si mfumo. Mwenyekiti, ambaye naye anatia sahihi, hajawahi kuuliza kitu. Mwalimu akitangulia mbele ya haki, na sote tuko njiani, cheki itaendelea kuwa na sahihi tatu na hakutakuwa na mtu anayerudi ukurasa wa nyuma. Karatasi haiulizi.

## Waingereza walipojaribu

Kuna kisa kimoja kilichonifanya niache kudhani kwamba jambo hili ni la Kisauni.

Desemba 2009, chombo kilichokuwa kikisimamia malipo Uingereza kilitangaza kwamba cheki zitakomeshwa kabisa Oktoba 2018. Hoja zilikuwa nzuri: matumizi yanashuka kila mwaka, gharama haishuki, kadi na intaneti vipo. Kelele zikaanza. Wazee walilalamika, kama ilivyotarajiwa. Waliokuja nao ni akina sisi: mashirika madogo ya hisani, vilabu vya vijijini, makanisa, mafundi wadogo, watu ambao kanuni zao ziliwataka watu wawili waidhinishe kila malipo na ambao benki ya kwenye mtandao ya wakati ule haikuwapa njia rahisi ya kufanya hivyo. Wabunge wakaingilia. Julai 2011 mpango ukafutwa, na hadi leo cheki ipo kule, inapungua kwa mwendo wake.

Afrika Kusini hawakubembelezana. Cheki ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba 2020, mwaka wa Korona, na Namibia walikuwa wameshawatangulia katikati ya 2019. Nchi hazikuanguka. Vilabu vya mazishi, ambavyo Afrika Kusini ni vingi kuliko kwetu, vinaendelea kuzika.

Nilikuwa nikitaka mmoja wa hao awe amekosea ili nipumzike.

Kinachonivutia kwa Waingereza ni kwamba mtandao wao ulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa pili. Ulijengwa kwa dhana kwamba mwenye pesa ni mmoja, ana akaunti yake na siri yake. M-Pesa nayo ilianza hivyo hivyo: laini moja, jina moja, nambari moja ya siri, na maonyo kila mahali usimpe mtu. Ni onyo zuri kwa mshahara wangu. Kwa pesa za watu mia moja na kitu waliochanga mia mia, linageuka kuwa kitu kingine. Leo laini ya mtu binafsi inaruhusiwa kubeba hadi nusu milioni, na kutuma robo milioni kwa mara moja. Akiba yote ya chama chetu inaingia kwenye simu moja, na nafasi inabaki.

Na simu hupotea. Simu huibwa kwenye feri. Mwenye laini naye hufa, na hapo ndipo utaona ajabu: chama cha kuzikana hakiwezi kumzika mweka hazina wake kwa sababu nambari ya siri ameondoka nayo.

## Simu ya nani

Tulipeleka haya benki. Siitaji, haina umuhimu. Benki nyingi zina huduma kama hiyo sasa. Kijana mmoja mchangamfu alituketisha na kutuonyesha jinsi akaunti ya kikundi inavyoweza kuendeshwa kwa simu huku sahihi zikibaki. Mweka hazina anaanzisha malipo. Wenzake wanapata ujumbe. Kila mmoja anaingiza nambari yake ya siri kwenye simu yake, na asipoidhinisha wa pili, pesa hazitoki. Dakika chache, hata saa tisa za usiku, na moja kwa moja hadi kwa M-Pesa ya muuza sanda.

Nilifurahi. Nilihisi mtu fulani alikuwa ametusikiliza.

Mwalimu akamwuliza yule kijana, "Na mwenyekiti wetu je?"

Mwenyekiti ana mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Kijana akasema hakuna shida, huduma inafanya kazi hata kwa simu hiyo, unabonyeza tu nyota na nambari kadhaa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekaa pale pale na kofia yake gotini, akasema kwa upole kwamba ujumbe husomewa na binti yake, na nambari ya siri anaishika binti yake, kwa sababu yeye haoni vizuri maandishi madogo.

Kijana akaeleza kwamba hilo haliruhusiwi.

Mwenyekiti akaitikia kwamba ameelewa. Sote tulijua binti ataendelea.

Nilitoka pale nikiwa na maoni tofauti na niliyoingia nayo. Cheki tupu yenye sahihi na nambari ya siri iliyo kwa binti ni tabia moja iliyohama nyumba. Tofauti ni kwamba karatasi tupu niliiona kwa macho yangu kitabuni. Ile ya simu hakuna mgeni atakayekuja kuiona. Kwenye rekodi ya benki itasomeka safi: mwenyekiti ameidhinisha, saa kumi na dakika sita alfajiri.

Usidhani kwamba ninairembesha karatasi. Sahihi ya mwenyekiti inaweza kuigwa na mtoto wa darasa la sita, na hakuna atakayejua hadi taarifa ya akaunti itoke. Ukituma kwa simu, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujakubali. Ukikosea nambari, unautuma ule ujumbe kwa 456 na kuomba pesa zirudi, na ukiwahi kabla mwenzako hajazitoa una matumaini. Cheki nayo unaweza kuisimamisha, ndiyo, ukiifika benki kabla yake. Na kuna jambo dogo ninalolipenda kwenye simu kuliko yote: mweka hazina akisoma mkutanoni ule ujumbe, "Imethibitishwa," na kiasi, na jina, na saa, hata bibi asiyejua kusoma anafuata. Cheki hakuna aliyekuwa akituonyesha.

Ila ujumbe nao hughushiwa. Waulize wenye maduka ya Kongowea. Mtu anaonyesha skrini, anabeba kilo ishirini za mchele, na salio halijasogea.

## Tulipofika

Ningependa kusema kwamba tumeamua. Tumeamua nusu.

Kitabu cha cheki kinarudi benki; hilo limepita, na Mwalimu mwenyewe aliinua mkono mara ya pili, akisema kwamba kitabu chenye karatasi tupu zenye sahihi yake kinamnyima usingizi tangu nilipomtembelea. Zile mbili tulizichana mbele ya kikao. Pesa za chama zinabaki kwenye akaunti ya kikundi, si kwenye laini ya mtu. Mweka hazina ataweka kiasi kidogo kwenye simu yake cha kuanzia msiba: sanda, ubani, gari. Kinachozidi hapo, watu wawili.

Mwenyekiti ameomba kuondolewa kwenye orodha ya waidhinishaji na nafasi yake apewe binti yake kwa jina lake mwenyewe, achangie kama mwanachama, aulizwe kama mwanachama. Sikulitarajia hilo. Kuna wazee wawili walionuna, kwamba msichana wa miaka ishirini na kitu hawezi kushika pesa za maiti. Mwenyekiti akawaambia kwamba pesa za simu yake binti huyo amezishika miaka yote kwa kidole chake, ila walikuwa hawamwoni.

Mimi nilipendekeza Mwalimu apewe kazi ya kusoma taarifa ya akaunti kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari, mbele ya wanachama. Nilidhani nimemtatulia tatizo lake. Akakataa.

"Kusoma yaliyopita ni kazi ya mkaguzi," akasema. "Mutafuteni mkaguzi. Mimi nataka niulize pesa bado zipo."

Kwa hivyo ametoa sharti lake. Hakuna kuidhinisha kwa ujumbe peke yake. Anayeanzisha malipo ampigie yule wa pili, kwa sauti, aseme nani amefariki, pesa zinakwenda kwa nani na kwa nini ni kiasi hicho. Ndipo wa pili abonyeze. Iwe saa nane za usiku, apige. Mzee kama yeye hulala nusu jicho hata hivyo. Mtu akauliza salio la kupigia litatoka wapi, tukabishana juu ya salio kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana juu ya cheki, kwa sababu mkutano ni mkutano.

Ninaliunga mkono sharti hilo, na nina shaka nalo. Halimo kwenye mfumo wowote wa benki. Hakuna programu itakayozuia malipo kwa sababu watu hawakuzungumza. Litadumu kama ilivyodumu ile saa ya kahawa, maadamu kuna anayelitaka.

Mweka hazina amekubali kupiga, ila anasema ghusl na sanda havingoji mtu aliyezima simu: isipopokelewa katika nusu saa, binti wa mwenyekiti aidhinishe peke yake na malipo yaende. Mwalimu anataka iwe saa moja. Mkutano wa mwezi ujao una ajenda hiyo, na ile ya mahema.